Herufi ya Mstari wa Tatu

Ripoti ya khala yangu ilikuwa na mistari minane. Nimeihifadhi kama nilivyohifadhi Juzuu Amma madrasa, kwa kurudia rudia, maana ikaja baadaye. Karatasi moja, Kiingereza kitupu, imekunjwa mara nne na kutiwa kwenye bahasha kubwa ya kaki pamoja na picha zake. Mstari wa nane ulikuwa na namba: 1. Mstari wa tatu ulikuwa na herufi: D.

Namba tuliisoma. Mimi ndiye niliyeisoma, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa chuo, na nyumba nzima iliamini kwamba mtu wa chuo anajua kila kilichoandikwa kwa Kiingereza. Nikatafuta kwenye simu, nikapata kwamba 1 maana yake hakuna kilichoonekana, nenda nyumbani. Nikawaambia hivyo. Khala akasema alhamdulillahi, Mama akakaanga viazi vya karai, tukala barazani kwetu Timbwani tukicheka. Herufi sikuitafuta. Nilidhani ni alama za ofisi tu, kama zile namba za chini ya risiti ya supamaketi.

Hiyo ilikuwa Oktoba 2019. Mei 2020 khala aligusa uvimbe akioga.

Nimekaa na herufi ile miaka sasa, nikitaka kujua imetoka wapi, nani aliiweka pale, na safari gani iliyoifikisha kwenye bahasha ya mwanamke wa Likoni bila kumfikishia na mtu wa kumsomea.

Kwanza tuelewane maneno. Huku kwetu tunasema ziwa. Titi ni la redioni na la mabango ya zahanati. Ndani ya ziwa kuna tezi zinazotengeneza maziwa, kuna nyuzi zinazozishikilia, na kuna mafuta. Kila mwanamke kapewa mchanganyiko wake. Kwenye picha ya eksirei mafuta hutoka meusi meusi, tezi na nyuzi hutoka nyeupe. Mwenye tezi na nyuzi nyingi kuliko mafuta, madaktari husema maziwa yake yana msongamano.

Msongamano! Mtu wa Likoni hahitaji kufafanuliwa neno hilo, tunaliishi feri kila saa kumi na mbili asubuhi. Lakini hapa wingi ni nusu tu ya shida. Nusu ya pili ni rangi, kwa sababu uvimbe wa saratani nao hutoka mweupe. Fikiria umetumwa ukamtafute mtu uwanja wa Ronald Ngala asubuhi ya Idi, na alama pekee uliyopewa ni kwamba amevaa kanzu nyeupe.

Jambo ambalo nami nililikosea mwanzo: msongamano haushikiki kwa mkono. Ziwa gumu si lazima liwe na msongamano, wala laini si lazima liwe la mafuta. Hata daktari bingwa hawezi kuujua kwa kupapasa, hadi picha. Na wala si ugonjwa. Herufi ni nne, A mpaka D, na karibu nusu ya wanawake wanaofika umri wa kupigwa picha hizi huangukia C au D. D peke yake ni kama mmoja katika kumi. Msichana anao zaidi kuliko mama yake. Huenda ukipungua kwa umri, na hedhi ikikoma hupungua zaidi. Kuzaa hupunguza. Wembamba huongeza, na khala yangu alikuwa mwembamba, hakujaaliwa mtoto, na alikuwa na miaka 46.

Sasa historia. Wilhelm Röntgen aligundua miali ya eksirei mwaka 1895, mwaka mmoja kabla reli ya Uganda haijaanza kujengwa kutoka hapa Mombasa. Haikuchukua muda watu wakaanza kupiga picha mifupa, risasi, senti zilizomezwa na watoto. Ziwa lilichelewa, kwa vile ni nyama laini tupu na picha hutoka kama ukungu. Wa kwanza kulishughulikia kwa bidii alikuwa daktari wa upasuaji wa Berlin, Albert Salomon. Mwaka 1913 alichapisha kazi aliyoifanya juu ya maziwa takriban 3,000, yote yakiwa yameshakatwa na kutolewa. Alipiga picha nyama iliyokatwa, akalinganisha alichokiona kwenye picha na alichokiona kwa kisu. Kwa mara ya kwanza mtu akaweza kusema: saratani kwenye picha huonekana hivi.

Nitoke njiani kidogo. Salomon alikuwa Myahudi. Manazi walimfukuza kazi, wakamfunga kambini, akaishia Uholanzi na kuokoka vita. Binti yake, mchoraji Charlotte Salomon, aliuawa Auschwitz mwaka 1943, akiwa mjamzito. Nililijua hili nikitafuta habari za ziwa la khala, saa nane usiku, nikakaa kitako. Watu waliotufungulia njia nao walikuwa na ya kwao.

Baada yake mambo yakaenda pole pole. Raúl Leborgne wa Montevideo, Uruguay, mwishoni mwa miaka ya 1940, aligundua kwamba ukilifinya ziwa picha inakuwa safi zaidi, kwa sababu tabaka zinatandazwa na hazilaliani. Kwa hiyo kina mama wanaotoka mle ndani wakilalamika kwamba wamepitishwa kwenye mashine ya kukamulia miwa, wa kulaumiwa ni huyo. Mwaka 1960 Robert Egan wa Houston akachapisha matokeo ya wagonjwa 1,000 kwa mbinu ambayo mtaalamu yeyote wa eksirei angeweza kujifunza. Mwaka 1963 mjini New York wakaanza jaribio kubwa la wanawake kama 62,000, nusu wakiitwa kupimwa kwa picha na kwa mkono, nusu wakiachwa na utaratibu wao wa kawaida. Mmoja wa walioliongoza, Philip Strax, alikuwa amempoteza mkewe kwa saratani hiyo hiyo. Miaka ilipopita, vifo katika kundi lililoitwa vilikuwa pungufu kwa karibu thuluthi moja. Kampeni zote za riboni za waridi unazoziona Oktoba zimejengwa juu ya msingi ule.

Lakini muda huo wote weupe ulikuwa kero tu. Msomaji wa picha aliuona kama vumbi kwenye kioo cha gari: unafuta, unakaza macho, unaendelea.

Aliyeukazia macho wenyewe alikuwa John Wolfe wa Detroit. Mwaka 1976 aligawa picha katika makundi manne kwa jinsi zilivyoonekana, akayapa majina: N1, P1, P2 na DY. N1 karibu yote mafuta, DY karibu yote nyeupe. Halafu akafuatilia nani kati ya wanawake hao aliugua baadaye. Akasema wa DY huugua zaidi, tena kwa mbali sana. Namba zake zilikuwa kubwa mno hata wenzake wengi hawakuzikubali.

Hapa ndipo penye ugomvi ninaoupenda, na nitauchelewesha kidogo. Mwaka uliofuata, 1977, Egan, yule yule wa Houston, alitoka na mwenzake wakajibu hivi, kwa maneno yangu: Wolfe, hujagundua hatari, umegundua pazia. Wanawake wa DY hawaugui zaidi. Siku ya kwanza uvimbe ulikuwepo ila weupe uliufunika, wewe ukamwandika mzima. Baadaye uvimbe ukakua ukaonekana, ukamhesabu kuwa ameugua baada yako. Unahesabu makosa yako mwenyewe.

Hoja nzuri sana. Ningekuwepo ningeiunga mkono. Na tofauti ya hao wawili si ya wasomi peke yao. Kama Egan yuko sahihi, dawa ni kutafuta jicho jingine, mambo yakaisha. Kama Wolfe yuko sahihi, basi weupe wenyewe unakwambia kitu juu ya mwili wako hata kama leo hakuna uvimbe wowote.

Ilichukua miaka thelathini. Norman Boyd na wenzake wa Toronto waliacha kuangalia maumbo, wakaanza kupima: asilimia ngapi ya ziwa ni nyeupe. Mwaka 2007 walitoa matokeo ya jozi 1,112 za wanawake, mwenye saratani na asiye nayo. Wenye weupe wa asilimia 75 au zaidi walikuwa na hatari mara 4.7 ukiwalinganisha na wenye chini ya asilimia 10, na hatari hiyo haikuisha baada ya mwaka mmoja au miwili, iliendelea kwa miaka. Wolfe hakuwa mwendawazimu. Lakini tazama na hili: walipotenga saratani zilizogunduliwa kabla ya miezi 12 kupita tangu mwanamke aambiwe hana kitu, namba ikapanda hadi 17.8. Pazia la Egan lilikuwepo vile vile. Wote wawili walikuwa sahihi.

Kabla ya miezi 12 kupita. Khala yangu ilikuwa mwezi wa saba.

Sitaki mtu aisome 4.7 akalala na hofu, kwa hiyo nisimame hapa. Ile ni kulinganisha ncha na ncha, na walio kwenye ncha ya chini ni wachache. Ukimlinganisha mwanamke wa D na mwanamke wa kawaida, hatari yake ni kama mara mbili, na wa C ni juu kidogo tu ya kawaida. Kuhusu pazia, Uholanzi walihesabu kwamba kwenye maziwa ya mafuta mashine hukamata saratani 86 katika 100, na kwenye D hukamata 61. Yaani hata kwa D mashine inaona zaidi ya nusu. Si kwamba usiende kupigwa picha. Nenda. Ila ujue umeangaliwa kwa jicho la namna gani. Na kama wewe ni binti wa mtu, ujue pia kwamba Boyd huyo huyo mwaka 2002 aliwapima mapacha wa Australia na Amerika Kaskazini, akaona kwamba zaidi ya nusu ya tofauti za msongamano kati ya mwanamke na mwanamke ni za kurithi.

Herufi A, B, C, D ni kazi ya chama cha madaktari wa picha cha Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2013. Kwa hiyo kwa miaka mingi kabla ya hapo msongamano ulikuwa unajulikana, unaandikwa kwa njia moja au nyingine, na unabaki kati ya daktari na daktari. Aliyeuvunja ukimya huo alikuwa mwalimu, Nancy Cappello wa jimbo la Connecticut. Alipigwa picha kila mwaka kwa miaka kumi, kila mwaka akaambiwa yuko salama. Mwaka 2004 akakutwa na saratani iliyokwishasambaa kwenye tezi za kwapa. Ndipo akasikia kwa mara ya kwanza kwamba maziwa yake yana msongamano, na kwamba habari hiyo ilikuwa inajulikana siku zote. Akauliza kwa nini sikuambiwa. Jibu lilikuwa kwamba si desturi. Akaenda kwa wabunge wa jimbo lake, na mwaka 2009 ikapita sheria ya kwanza Marekani ya kumtaka daktari amwambie mwanamke. Cappello alifariki mwaka 2018. Septemba 10, 2024 ikawa lazima kwa nchi nzima: kila mwanamke apewe barua inayosema wazi kama ana msongamano au la.

Barua hiyo iko kwa lugha nyepesi. Ya khala ilisema maziwa yana msongamano mkubwa sana, jambo linalopunguza uwezo wa picha kuona. Nasema tena, ilisema. Mtu aliyeandika ripoti ile alifanya kazi yake, ndiyo maana siwezi hata kumkasirikia sawasawa. Hakuna aliyeficha kitu, ila hakuna aliyeona ni kazi yake kumgeukia mwanamke aliyekaa pale na buibui lake na kumwambia: mama, hapa mashine yetu haijaona vizuri.

Kenya tuna sheria ya saratani tangu 2012. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilikodi mashine kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa, mashine za picha za ziwa zikiwemo, mkataba wa mabilioni uliofika mpaka Seneti ikaunda kamati ya kuuchunguza. Mwongozo wa kitaifa wa 2018 unasema mwanamke wa miaka 40 hadi 55 apigwe picha kila mwaka, na wa 56 hadi 74 kila baada ya miaka miwili. Kwenye karatasi tuko vizuri. Kwa makadirio ya kimataifa ya 2020, wanawake 6,799 waligunduliwa na saratani ya ziwa Kenya mwaka huo, na 3,107 walifariki nayo. Wengi wa wagonjwa wetu ni vijana kuliko wa Ulaya, na kijana ndiye mwenye msongamano zaidi. Weka hayo mawili pamoja.

Rafiki yangu mmoja, yuko mwaka wa mwisho wa udaktari, ananiambia napoteza wakati. Ati msongamano ni shida ya kina mama wenye mashine. Wa Mtongwe na Mlaleo na Chaani hawajawahi kupigwa picha hata moja, wanafika hospitali uvimbe umeshapasuka, wewe unawaletea herufi. Kuna ukweli hapo na sitaukimbia. Kama ningepewa shilingi moja tu, ningempa muuguzi wa zahanati afundishwe kupapasa vizuri, manake mkono hauzuiwi na weupe. Lakini naona anakosea mahali. Mwanamke anayekwenda kupimwa akaambiwa mzima, halafu baada ya miezi saba akaugua, hafi peke yake. Kuna mtaa mzima unaomtazama. Kwetu Timbwani baada ya khala sikusikia hata mmoja wa chama chake aliyekwenda tena Oktoba. Walisema: yule alipimwa na ikawa nini? Wakamwendea mtu wa dawa za mitishamba, wengine wakasema ni kijicho. Herufi moja isiyoelezwa ilifunga mlango wa watu ishirini.

Na jicho la pili lipo bara, halihitaji kuvuka maji. Altrasaundi hutazama kwa sauti, si kwa miali, na humo tezi hutoka nyeupe ila uvimbe mara nyingi hutoka mweusi. Mwenye kanzu nyeupe anageuka kuwa mwenye kanzu nyeusi. Likoni, Kisauni, Changamwe, kote kuna mashine hizo, kina mama waja wazito huzipanga foleni kila siku. Inahitaji mtu aliyefundishwa kutazama ziwa, na hilo ndilo gumu, na pia hushtua watu kwa vivimbe visivyo na neno. Sijui kama ingeuona wa khala Oktoba ile. Labda ulikuwa mdogo mno, labda haukuwepo kabisa. Swali hilo nimelichosha mwenyewe.

Aligusa uvimbe Mei 2020, na Mombasa ilikuwa imefungwa tangu Aprili 8. Hakuna kutoka wala kuingia kaunti, treni ya abiria imesimama, kafyu jioni. Wagonjwa walipewa vibali, lakini kibali si basi. Kukatwa kinofu kikapimwe, kungoja majibu, kutafuta pesa, mpaka Julai njia zikafunguliwa. Kemo alipatia hapa hapa mjini. Mionzi ilikuwa Nairobi, wiki tano, tukipanga chumba. Chuo kilipofunguliwa mimi sikurudi. Watu hupenda kuambiwa kwamba nilijitolea. Ukweli ni kwamba karo ilikuwa imeshaliwa na sindano, na kuna mtu alikuwa lazima abebe ndoo. Khala alifariki Machi 2022, wiki mbili kabla ya Ramadhani.

Sasa mimi ndiye msomaji wa herufi. Ilianza na binamu yangu wa Bombolulu aliyenitumia picha ya ripoti kwa WhatsApp, halafu jirani yake, halafu mama mmoja wa Mikindani ambaye simjui hata sura. Huwaambia mimi si daktari, nimeacha chuo mwaka wa pili, tena nilikuwa nasoma biashara. Huwaambia namba ni hii, herufi ni hii, maana yake hivi. Ikiwa ni C au D, wakirudi waulize: kwa kuwa picha haikuona vizuri, je, nahitaji altrasaundi? Sentensi moja. Wengine huniomba niwaandikie kwenye karatasi.

Mama yangu ana miaka 52. Nilimshika mkono nikampeleka mwezi uliopita, baada ya kunizungusha mwaka mzima. Namba 1, herufi C. Niliisoma herufi kwanza, tukiwa bado kwenye benchi la nje. Akaniuliza, "Ndiyo ile ya nduguyo mama?" Nikamwambia hapana, ile ilikuwa D. Akasema, "Haya, hiyo C si ndogo, mwanangu?" Nikamweleza ya kanzu na uwanja wa Idi. Akacheka, akasema basi nitafutie, lakini awe mwanamke.

Nimempata mwanamke. Ni Jumanne, saa tatu asubuhi, hapa hapa Likoni, na Mama ameshaniuliza mara tatu kama anatakiwa aende bila kula.